Ubeti wa Mvua

Kama hujawahi kulala chali chini ya gari na kulitazama tumbo lake, usiogope. Mimi pia niliogopa. Jambo la kwanza nililojifunza kwa Mwalimu wa Kwaya ni kwamba gari kubwa kama lake halihitaji jeki ukitaka kubadilisha oili. Limeinuka vya kutosha tangu lilipoundwa. Unatandika gunia, unajisukuma chini, na kila unachokitafuta kiko pale juu ya pua yako. "Gari dogo linataka upige magoti," alikuwa akisema. "Hili langu linataka ulale tu, kama umechoka."

Yeye alilala pale akiwa amejifunga leso mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani, na viatu vyake vya kanisani amevipanga kando ya gurudumu la nyuma, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Kilichobaki nje ni miguu yake tu. Waliopita kwenye njia yetu pale Kitale waliisalimia hiyo miguu.

"Mwalimu, habari ya asubuhi!"

"Nzuri, Soprano," miguu ilijibu. "Jana ulichelewa mazoezi."

Hakuuliza ni nani anayemsalimia. Alijua sauti.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake iliyowashangaza wageni: hakumwita mtu kwa jina. Alikuita kwa sauti uliyoimba. Mimi nilikuwa Besi. Mke wangu alikuwa Alto. Kijana wa gereji ya pale kona, makanika hodari mwenye mzaha mwingi, alikuwa Tenori. Soprano walikuwa wengi, kwa hiyo aliwagawa: Soprano wa Maziwa, Soprano wa Lango la Kijani, Soprano Asiyefunga Mdomo. Wasioimba wote walikuwa na jina moja, Msikilizaji. Chifu alikuwa Msikilizaji. Mchungaji wetu, ambaye Mungu alimnyima kabisa kipaji cha kushika sauti, alikuwa Msikilizaji pia, na sidhani kama alipenda, lakini alivumilia. Unaweza kumfanyia nini mwanamke aliyefundisha nusu ya mji kuimba, na ambaye gari lake ndilo lililompeleka mama yako hospitalini?

Maana hilo nalo lazima nilieleze mapema. Katika mtaa wetu wenye magari walikuwa wachache, na mwenye gari linaloweza kupita kwenye matope ya mwezi wa nane alikuwa mmoja. Gari lake lilikuwa refu, la kijani iliyopauka, lenye viti vya kutosha kubeba soprano wote wakibanana kidogo. Sijui alilipataje. Wengine walisema ni mwanawe wa ng'ambo, wengine walisema ni mnada. Yeye mwenyewe alisema, "Nililikuta bubu, nikalifundisha kuimba." Jumapili lilipeleka kwaya, wakati mwingine hadi Kapsokwony, kwenye zile barabara zinazopanda mlima kama ngazi. Siku nyingine lilipeleka wagonjwa. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtu alimpigia Mwalimu simu mara moja na kukata, kwa sababu siku hizo hakuna aliyepoteza salio bure, na Mwalimu hakuhitaji maelezo. Aliwasha gari kwanza, akauliza baadaye.

Ndiyo maana hakuruhusu fundi yeyote aliguse. Wakati fulani gereji moja, si ile ya akina Tenori, ilimfungia bolti ya chini ya kutolea oili ikiwa imelegea. Ilidondoka njiani kwenye mteremko wa kutoka Kapsokwony, oili yote ikamwagika barabarani, na kama Mwalimu asingeisikia injini ikibadilisha sauti na kuizima papo hapo, ingekwama na kufa. Injini isiyo na oili ni chuma kinachosagana na chuma kingine. Hufa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Tangu siku hiyo aliapa kwamba kila bolti itapita mkononi mwake mwenyewe.

"Si kwamba mafundi ni wabaya," alimwambia Tenori, aliyekuwa akinung'unika. "Ni kwamba hawaimbi wakifanya kazi. Mtu asiyeimba anasahau alipofikia."

"Mwalimu, mimi naimba! Si unanijua?"

"Wewe unaimba, lakini unaimba ukiwatazama soprano."

Tenori alicheka hadi akashika ukuta. Lakini gari hakulipata.

Sasa nikueleze alivyofanya, maana hata leo sijaona njia bora. Mwalimu alikuwa ametunga wimbo wa ibada ya mavuno. Kila mtu Kitale ana shamba, hata anayejiita mfanyabiashara, kama mimi niliyekuwa na duka la mbegu, kwa hiyo wimbo ulitushika. Ulikuwa na beti sita zinazofuata msimu wa mahindi: kulima, kupanda, palizi, mvua, kuvuna, na ghala. Tuliuimba kanisani kila mwaka. Yeye aliuimba chini ya gari kila alipobadilisha oili, na kila ubeti ulikuwa na kazi yake.

Akiimba ubeti wa kulima, injini ilikuwa ikinguruma taratibu ili oili ipate joto kidogo na kuwa nyepesi, kwa maana oili baridi hutoka kwa uvivu na kuacha uchafu nyuma. Isiwe moto sana pia, usije ukaungua. Kisha alizima, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaingia chini na karai.

Ubeti wa kupanda ulikuwa wa bolti. Aliilegeza kwa spana, kisha akamalizia kwa vidole huku akiisukuma juu, halafu akaivuta ghafla na kuutoa mkono kabla oili haijaingia kwenye mkono wa blauzi. Oili nyeusi ilishuka kwenye karai, nene mwanzoni, kisha nyembamba kama uzi, kisha tone moja moja. Ubeti huu aliurudia na kiitikio chake mpaka tone la mwisho. Hakutumia saa. Alisema saa haijui oili imeisha, inajua tu kwamba yenyewe imezunguka. Ndipo akaifuta bolti, akaangalia kipete chake cha shaba, akairudisha. "Bolti inakazwa kwa akili," alisema. "Ukiikaza kwa hasira, siku ya kuifungua utaikuta bado imekasirika."

Palizi ilikuwa filta, lile kopo linaloshika uchafu. Aliizungusha ikatoka, akaigeuza atazame kama mpira wake wa duara umetoka nao au umebaki umeganda kwenye injini. Hapo ndipo wengi hukosea, wanafunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, na oili inavuja. Akiuona mpira, alichovya kidole kwenye oili safi, akapaka mpira mpya kama anavyompaka mtoto mafuta usoni, akaifunga kwa mkono tu, bila spana.

Halafu mvua. Huu ndio uliokuwa ubeti wake mzuri kuliko yote, wa polepole, na sisi besi tulikuwa na kazi ndani yake:

*Shuka, mvua ya mlima, shuka bila haraka,*
*Aliyepitwa jana, leo umfikie.*

Hapo alisimama juu ya kigoda, boneti iko wazi, akimimina oili mpya ya rangi ya asali, kopo baada ya kopo, kwa maana gari lile lilikuwa na kiu kama ng'ombe wa maziwa. Baada ya mvua ndipo unavuna: *Leteni magunia*, na injini inawashwa. Ubeti wa ghala ni wa kuzima, kusubiri oili itulie, kuchomoa kijiti cha kupimia, na kunawa mikono kwa majivu.

Kisha ikafuata sehemu iliyowaleta majirani na mikebe. Labda wewe kwenu mnaimwaga oili chafu. Kwetu ilikuwa mali. Ukipaka nguzo ya ua au miguu ya ghala la mahindi, mchwa hawaisogelei. Kwa hiyo siku ya oili kwa Mwalimu ilijulikana mtaa mzima, na watu walijipanga langoni na vikebe vya rangi, vya kahawa, vya maziwa ya watoto. Mwalimu aliketi kwenye kigoda kile kile na kumimina kwa upawa, na hakumimina kwa usawa.

"Soprano wa Maziwa, hujakuja mazoezi mara ngapi?"

"Mwalimu, ng'ombe alikuwa anazaa."

"Ng'ombe wako anazaa kila Jumatano? Huyo si ng'ombe, ni sungura. Nusu kikebe."

Na chifu alipomtuma mtu na mtungi mkubwa, Mwalimu alimuuliza kwa upole, "Msikilizaji ana nguzo ngapi? Basi apake jivu. Ama aje kujaribu besi."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mambo yake, na mengi yaligongana. Alituhubiria subira, lakini kwaya ikichelewa kuingia kwenye kiitikio aligonga fimbo mpaka ikavunjika. Hakuonja pombe maisha yake yote na aliwakemea wapikaji wa busaa hadharani, lakini makarai yake yote ya oili yalitoka kwao, kwa sababu, alisema, hakuna mtu anayenunua karai imara kama mpika busaa. Alikuwa mkali sana kuhusu matamshi. "Si *bwana asifuye*, ni *asifiwe*. Fungua meno!" Lakini akishikwa na haraka, lafudhi ya Kabuchai alikotoka ilimrudia ulimini, na ungesikia sauti kutoka chini ya gari: "Besi! Reta karai! Reta haraka!" Tenori alimwiga siku moja mbele yake. Mwalimu alimtazama, akasema, "Umeniiga vizuri, lakini uko chini nusu sauti," akaendelea na kazi.

Gari lake lingeweza kubeba mgonjwa anayetapika bila neno, lakini mtu mzima akitafuna muwa ndani alishushwa barabarani. Aliogopa ng'ombe. Mwanamke aliyeshuka na gari zito kwenye tope la mlimani, akiwa na kwaya nzima inayopiga kelele nyuma, alivuka barabara akimwona ndama. Nilipomuuliza, alisema, "Gari likikukosea unajua umekosea wapi. Ng'ombe hasemi."

Mimi na yeye tulitenganishwa na ua wa miti. Kwa miaka mingi nilimsikia kila Jumamosi ya oili, na bila kukusudia nilikuwa nikimwitikia besi nikiwa upande wangu, nikipanga mbegu au nikipalilia sukuma wiki. Yeye hakuwahi kusema kwamba ananisikia. Ila nikikosea, wimbo ulisimama, ukaanzia pale nilipokosea.

Kwa hiyo siku ile, nilipokuwa nikipaka nguzo zangu oili ya awamu iliyopita, nilijua aliko bila kutazama. Kulima. Kupanda, mara nyingi, mpaka tone la mwisho. Palizi. Nikavuta pumzi ya besi ya ubeti wa mvua, nikashuka nayo: *Shuka, mvua ya mlima*. Ng'ambo ya ua yeye akapaza: *Leteni magunia*.

Nilidhani nimekosea mimi. Besi wote hudhani hivyo. Nilinyamaza ili nimfuate, na katika ule unyamavu nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na yeye akiendelea kuimba kuvuna. Nikanyanyua shingo juu ya ua. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, ufunguo mkononi. Makopo ya oili mpya yalikuwa bado kwenye ukuta, yamefunikwa, yamepangwa kwa mstari kama wanakwaya.

"Mwalimu, usiwashe!"

Nilipita katikati ya ua, sikuzunguka langoni. Hadi leo nina alama ya mwiba.

"Besi, umeingiwa na nini?"

"Hujamimina oili, Mwalimu. Injini ni tupu."

"Nimemimina. Nimemaliza sasa hivi."

Sikubishana. Nilinyoosha kidole kwenye ukuta. Alishuka, akaliendea kopo la kwanza, akalinyanyua, akalipima uzito. Akanyanyua la pili. Kisha akaenda mbele ya gari, akachomoa kile kijiti, akakifuta kwenye leso, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikitazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kikavu.

Nilitaka kusema jambo jepesi, kwamba hata mimi husahau, kwamba ni uchovu. Yeye ndiye aliyesema.

"Besi, jina lako ni nani?"

"Mwalimu?"

"Jina ulilopewa kwenu. Wewe ni nani?"

Nikamwambia.

"Niliwahi kulijua?"

"Ulilijua. Uliniimbia harusini. Ulilitaja ndani ya wimbo."

Akaketi kwenye kigoda. Ndipo akanieleza, akiwa ameshika kile kijiti kama fimbo yake ya kwaya. Majina yalianza kumponyoka zamani, moja moja. Hakuna aliyegundua, kwa sababu tangu mwanzo hakuwa akitumia majina. Sauti hazikumponyoka. Mtu akifungua mdomo, alijua ni nani, anakaa wapi, anaumwa nini. Njia za mji zilipoanza kumchanganya, alizifunga kwenye nyimbo: wimbo huu mpaka hospitalini, ule mpaka sokoni, akiimba anapinda kwenye kiitikio. Na oili alikuwa ameifunga kwenye wimbo wa mavuno.

"Wimbo ndio uliokuwa ukinishika mkono," alisema. "Sikujua kwamba nao unaweza kuniacha. Nimeruka ubeti mzima, Besi. Na mdomo wangu haukuhisi kitu."

Nilimimina oili mimi. Aliniambia niimbe mvua nikimimina, nikaimba, na yeye akanisikiliza kama anasikiliza wimbo mgeni. Nilipomaliza, nilinyoosha mkono nichukue ufunguo niwashe. Aliufumbata ngumini.

"Huu ni wangu," alisema.

Hapo ndipo shida yote ilipokuwa, na nataka uione vizuri. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa siku zake za mwisho. Sisi sote tulimtegemea mtu mmoja na gari moja. Kumwambia aache kuendesha ilikuwa ni kumwondolea kitu pekee kilichomfanya aamke. Kumwachia ilikuwa ni kumweka Alto kwenye kiti cha nyuma, na dereva anayeweza kuruka ubeti kwenye daraja. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Aliendelea kukunja nguo za mtoto.

"Usimwambie mtu," alisema mwishowe.

"Na siku ikifika?"

"Mwalimu si mjinga. Mpe nafasi akatae mwenyewe. Mtu kama huyo ukimnyang'anya hapokei, lakini ukimngoja anakupa."

Jumapili aliendesha kama kawaida. Mimi niliketi mbele, na kila alipopinda nilijikuta nikikanyaga breki ambayo haikuwepo. Alinitazama mara moja tu. "Besi, miguu yako inaongea sana," alisema.

Jumatano, mazoezi yalipokwisha, hakutuachia twende. Alisimama mbele yetu na leso mabegani. "Tenori," akaita. Tenori akasogea, akijua labda atakemewa kwa ajili ya soprano. Mwalimu akamwekea ufunguo kiganjani.

"Kuanzia leo unaendesha wewe."

"Ati nini? Mwalimu, si ulisema mimi..."

"Nilisema, nimesikia. Sasa nasema hivi. Mimi nasahau. Si kidogo, nasahau kweli. Jumamosi ningeua hili gari, na Alto huyu akiwa ndani ningemuua pia." Alisema bila kulia, kwa ile sauti ya kutangaza ukurasa. "Utaendesha, nami nitaketi mbele. Oili utabadilisha na Besi. Yeye aimbe, wewe ufunge bolti. Ukimtazama soprano hata mmoja, nitajua."

Hakuna aliyecheka. Tenori aliufumba ufunguo kiganjani, akasema, "Nitaimba na mimi, Mwalimu." Mwalimu akajibu, "Utaimba kwa sauti uliyopewa, bana. Usituharibie."

Mtoto wetu alikuja siku chache baadaye. Tenori aliendesha. Mwalimu aliketi mbele akaimba kwaya nzima peke yake, sauti zote nne, akirukia moja hadi nyingine, na mke wangu anasema katika uchungu wote ule alilazimika kuitikia alto kwa sababu Mwalimu alikuwa akimgeukia na kumnyooshea kidole. Tulifika salama.

Aliendelea kukaa nasi kwa muda. Siku za oili aliketi kwenye kigoda akigawa upawa kama zamani, ila sasa watu wote walijaziwa, hata wasioimba. Kisha mdogo wake wa kike akaja kumchukua, akampeleka nyumbani Kabuchai. Gari alituachia, kwa sharti kwamba likiitwa na mgonjwa lisiulize ni wa kanisa gani.

Miaka ikapita. Tenori alioa, soprano bila shaka, akafungua gereji yake mwenyewe. Siku moja alikuja dukani akasema, "Besi, oili ya Mwalimu imefika wakati. Kwa nini tusiende kuibadilishia kwake?"

Tuliteremka Bungoma kuelekea Kabuchai asubuhi na mapema, miwa pande zote mbili za barabara, makopo yakigongana nyuma. Mdogo wake alitupokea langoni. "Karibuni. Amekura uji kidogo leo. Ako pale nyuma, kwa jua. Lakini msikasirike asipowajua, siku hizi hata mimi ananiita Mama."

Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, amepungua, leso kichwani. Tenori alimsalimia, naye akatabasamu tabasamu la kumpa mgeni. Mimi nilimshika mikono. Alinitazama usoni, akatazama viatu vyangu.

Tukaleta gari mpaka mbele yake. Tenori akatandika gunia. Nikaanza ubeti wa kulima mbele yake, kama mwanakwaya wa siku ya kwanza. Hakugeuka. Kupanda; tone la mwisho. Palizi, Tenori akautoa mkono chini ya gari kunionyesha mpira wa filta ya zamani, nikaitikia kwa kichwa. Mdogo wake akaja na chai, akatuuliza habari za Kitale, za mke wangu, za mtoto. Nikawa namimina huku namjibu, kopo hili, kopo lile, tukicheka kuhusu bei za mbegu. Nikafunga kifuniko, nikachomoa kijiti, oili ilikuwa imefika mahali pake. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikaingia kwenye kiti cha dereva, Tenori akibaki chini atazame kama inavuja, nikashika ufunguo, nikaimba: *Leteni magunia*.

"Besi."

Niligeuka. Alikuwa amesimama, ameshikilia kiti kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa juu, kiganja wazi, vile alivyotusimamisha miaka yote.

"Umeruka mvua," alisema.

Tenori alichungulia kutoka chini ya gari. "Lakini Mwalimu, oili imeshaingia, tumeshapima..."

"Nyamaza," nilimwambia.

Niliutoa ufunguo, nikashuka, nikaenda kusimama mbele ya boneti pale anaposimama mtu anayemimina. Nikavuta pumzi. *Shuka, mvua ya mlima, shuka bila haraka*. Tenori akaingia juu yangu, akiwa amelala chali kwenye gunia. Mdogo wake akaweka birika chini, akashika alto bila kuambiwa. Mwalimu hakuimba. Alituongoza tu, mkono ukipanda na kushuka, na kwenye *aliyepitwa jana* alitupunguzia mwendo, kama alivyopenda, mpaka neno la mwisho likaisha kabisa.

Akasubiri kidogo. Kisha akashusha mkono.

"Sasa washa," alisema.

Nikawasha.